Kuendesha gari ya spoti ya manyuali bila kuruka ruka: mwongozo kamili toka gia ya kwanza mpaka kisigino na kidole

Watu wengi wakipewa gari ya spoti ya manyuali kwa mara ya kwanza wanashangaa, maana manyuali wanaijua vizuri tu, wameendesha pikapu wameendesha saluni miaka na miaka, alafu wanaingia kwenye hii ya chini chini inawazimikia mbele za watu au inaruka ruka mpaka abiria anashika dashibodi. Ukiwauliza shida nini wote watakwambia klachi, klachi ngumu, klachi inashika ghafla. Mimi nasema klachi ni nusu ya habari na wala sio nusu kubwa. Ulaini wa gari ya manyuali unatoka mguu wa kulia, yaani unatoka kwenye kuhakikisha injini inazunguka spidi sahihi kabla hujaachia klachi, na ukishalielewa hilo moja mambo mengine yote ya huku chini yanakuwa rahisi kuyashika.

Fikiria kinachotokea huko ndani. Kuna flaiwili (gurudumu la chuma linalozunguka na injini) upande wa injini na kuna klachi pleti upande wa giaboksi, na giaboksi imeungana na matairi. Ukikanyaga klachi hivi viwili vinaachana, kila kimoja kinazunguka kivyake. Ukiachia vinashikana na lazima vizunguke pamoja, sasa kama kimoja kilikuwa kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika na kingine 2,500 hiyo tofauti haipotei hewani, inageuka joto kwenye klachi na mshtuko kwenye shingo ya abiria. Ni kama mtu anayedandia treni inayotembea, akikimbia sambamba nayo kwanza anapanda bila shida, akisimama tu akadaka mlango anavutwa mkono.

Kwa nini gari ya spoti inakuumbua zaidi

Kwanza flaiwili yake mara nyingi ni nyepesi. Flaiwili nzito inahifadhi nguvu, ndo maana pikapu unaweza kuachia klachi ovyo na bado inaondoka, lakini nyepesi mizunguko inapanda haraka na inashuka haraka, ukisita kidogo tu injini imeshashuka chini. Pili klachi yenyewe imetengenezwa kubeba nguvu nyingi, preshapleti (bamba linaloikandamiza klachi pleti kwenye flaiwili) inabana kwa nguvu, kwa hiyo pedali inakuwa nzito na eneo la kushika linakuwa fupi. Tatu mpira unaoshikilia injini na giaboksi ni mgumu, kosa ambalo kwenye saluni lingemezwa na mpira huku linakufikia moja kwa moja kwenye kiti. Alafu kuna injini ambazo nguvu yake iko juu kabisa, Honda S2000 ya mwanzo ya 1999 inafika mpaka 9,000 rpm na huku chini kwenye 1,000 haina msuli mkubwa, ukitaka kuondoka nayo kama dizeli itazima.

Hii rpm ninayoitaja kila saa ni mizunguko ya injini kwa dakika, iko kwenye saa kubwa ya dashibodi na kwenye gari za spoti wengi wanaiweka katikati kabisa mbele ya macho yako. Iangalie sana mwanzoni, baadae masikio yatachukua hiyo kazi.

Kaa vizuri kwanza

Usiruke hii. Sogeza kiti mpaka ukikanyaga klachi hadi mwisho goti bado limekunjika kidogo, kama mguu umenyooka kabisa utakuwa unaachia kwa kunyoosha nyonga na hutaweza kupima milimita. Kisigino cha kushoto kiegemee sakafuni ukiweza, ingawa wenye miguu mifupi na pedali ndefu itabidi wainue mguu mzima, na hiyo sio dhambi ili mradi unaachia taratibu. Viatu viwe vyembamba soli, mabuti ya kazi yanaficha kila kitu unachotaka kukisikia.

Tafuta klachi inaposhika

Nenda sehemu ya wazi, tambarare, hakuna mtu hakuna gari. Washa, ingiza gia ya kwanza, toa hendibreki, mguu wa kulia uwe karibu na breki ila usiguse mafuta. Sasa achia klachi taratibu sana mpaka usikie injini inabadilika sauti na mshale wa rpm unashuka kidogo, hapo ndo inaposhika. Simama hapo hapo, usiendelee kuachia. Gari itaanza kujisogeza yenyewe kwa spidi ya mtu anayetembea, ikishatembea ndo unamalizia kuachia. Kanyaga klachi tena, funga breki, rudia. Rudia mpaka uchoke alafu rudia tena, kwa sababu zoezi hili linakufundisha eneo la kushika bila kuchoma klachi, injini iko chini kabisa kwenye sailensa, yaani inawaka bila wewe kukanyaga mafuta, kama 700 mpaka 900 rpm hivi, joto linalotengenezwa ni dogo. Gari nyingi za kisasa kompyuta yake inaongeza mafuta kidogo yenyewe ikiona injini inazidiwa, za zamani hazina huo msaada kwa hiyo itabidi uwe mpole zaidi.

Ukisikia harufu kali ya kuungua pumzisha gari, acha ipoe kabisa ndo uendelee.

Kuondoka kawaida

Sasa ongeza mafuta. Kwa gari nyingi za spoti 1,200 mpaka 1,500 rpm inatosha kuondokea sehemu tambarare. Mpangilio ni huu: mafuta kidogo kwanza mshale utulie, klachi ipande mpaka inaposhika, ISUBIRI HAPO, hili neno nalisisitiza kwa sababu karibu kila mruko wa kuondokea unatokana na mtu kufika pale inaposhika alafu akaachia yote kwa mara moja. Subiri sekunde moja au mbili mpaka gari itembee na mshale uache kuhangaika, alafu malizia kuachia huku mguu wa kulia unaongeza taratibu. Mguu wa kulia usicheze cheze wakati unasubiri. Mtu akianza kuongeza na kupunguza kutafuta balansi ndo anaanzisha yale mawimbi ya mbele nyuma mbele nyuma, na ukishaingia kwenye hayo mawimbi dawa ni moja, kanyaga klachi, tulia, anza upya. Usibishane nayo kwa mafuta.

Usiondokee 3,000 kwa sababu eti ni gari ya spoti. Kadiri tofauti ya mizunguko inavyokuwa kubwa ndivyo klachi inavyolika, na kuondoka laini kwenye 1,400 kunahitaji ufundi mkubwa kuliko kuondoka na kelele.

Mlimani tumia hendibreki bila aibu. Vuta, gia ya kwanza, mafuta kidogo zaidi ya kawaida, achia klachi mpaka usikie pua ya gari inataka kunyanyuka au nyuma inachuchumaa, hapo toa hendibreki. Gari nyingi mpya zinashikilia breki zenyewe sekunde kama mbili hivi baada ya kutoa mguu, ni msaada mzuri lakini jifunze bila hiyo kwanza.

Kupandisha gia

Hapa namba zinasaidia kuelewa. Chukua Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, giaboksi yake ya gia sita ina uwiano wa 5.087 kwa gia ya kwanza (yaani injini inazunguka mara 5.087 ili shafti inayotoka giaboksi izunguke mara moja), 2.991 ya pili, 2.035 ya tatu, 1.594 ya nne, 1.286 ya tano na 1.000 ya sita. Ukiwa gia ya kwanza kwenye 4,000 ukaingiza ya pili kwa spidi ile ile, injini inatakiwa iwe karibu 2,350. Kutoka ya pili kwenda ya tatu kwenye 4,000 inatakiwa 2,700 hivi. Unaona kwamba pengo la kwanza kwenda pili ndo kubwa kuliko yote, na ndo maana kila mtu anasumbuka hapo hapo, wakati ya nne kwenda ya tano hata ukikosea kidogo hakuna anayejua.

Kwa hiyo unafanyaje. Toa mguu kwenye mafuta na kanyaga klachi karibu kwa pamoja, mafuta yakitangulia kutoka kwa nusu pumzi tu. Ukitoa mafuta mapema sana gari inainamisha pua kabla hujagusa klachi, ukichelewa injini inapiga kelele juu. Vuta leva, sinkronaiza (vipete vya ndani ya giaboksi vinavyosawazisha spidi za gia kabla hazijashikana) zifanye kazi yake, mshale unashuka, ukifika pale panapotakiwa achia klachi kwa mwendo mmoja bila kusita. Ukiachia mizunguko bado iko juu gari inasukumwa mbele, ukichelewa ikashuka chini kupita kiasi gari inavutwa nyuma. Sikiliza mwili wako, umesukumwa au umevutwa? Ukijua kipi kimetokea unajua urekebishe kipi, chelewa kidogo au wahi kidogo au acha tone la mafuta ili mshale usianguke haraka. Wenye flaiwili nyepesi sana hilo tone la mafuta ni lazima.

Baada ya klachi kushika rudisha mafuta taratibu. Kuna uwazi mdogo mdogo kwenye meno ya gia, shafti na difu, ukikanyaga mafuta kwa ghafla uwazi huo unafungwa kwa kishindo, kile kimlio cha "kdu" unachosikia nyuma. Gusa mafuta kidogo, subiri uwazi ufungwe, ndo umimine. Hili peke yake linamfanya abiria adhani umebadilisha gari.

Kuhusu mkono, leva ya gia ya spoti ina mwendo mfupi na watu wanaivuta kwa hasira. Ishike kwa viganja na vidole vilivyolegea. Kutoka ya pili kwenda ya tatu usiielekeze kulia kwa nguvu, isukume mbele tu ifike nyutro na springi itaileta katikati yenyewe, alafu endelea mbele. Ikigoma usilazimishe, subiri kidogo, sinkronaiza inahitaji muda wa kusawazisha spidi. Injini ikiwa baridi gia ya pili hasa huwa inagoma kwa sababu oili ya giaboksi ni nzito, hiyo kawaida, mpe muda.

Kushusha gia, hapa ndo penyewe

Turudi kwenye MX-5 yetu. Uko gia ya tatu, 3,000 rpm, karibu kilomita 60 kwa saa. Unataka ya pili uovateki au uingie kona. Kwa spidi ile ile gia ya pili inataka injini iwe 4,400. Sasa wengi wanakanyaga klachi, injini inashuka mpaka 1,000, wanaingiza ya pili, wanaachia, na klachi maskini inabidi iivute injini kutoka 1,000 mpaka 4,400 kwa kutumia matairi. Gari nzima inafunga breki bila wewe kugusa breki. Ndo ule mshtuko.

Dawa yake ni kupiga resi katikati. Kanyaga klachi, ingiza gia ya pili, na wakati huo huo mguu wa kulia upige mafuta mara moja kwa haraka mshale uruke mpaka juu kidogo ya 4,400, na wakati unashuka kupita hapo ndo unaachia klachi. Ukipatia husikii kitu, gari inabadilika sauti tu. Usijisumbue kukumbuka namba za kila gia, kwa gari nyingi za spoti kushuka gia moja kunahitaji kuongeza kati ya robo na nusu ya mizunguko uliyonayo, gia za chini zaidi, za juu kidogo. Sikio litazoea haraka kuliko unavyodhani.

Anza na ya nne kwenda ya tatu, barabara tupu, spidi ya wastani, bila breki kabisa. Mwanzoni utapiga resi ndogo, karibu kila mtu anapiga ndogo kwa sababu anaogopa kelele. Piga zaidi. Ikizidi kidogo gari inasogea mbele kidogo, haina madhara makubwa, ikipungua ndo inavuta. Na usishike klachi chini muda mrefu ukisubiri, kitendo chote kiwe kimoja: klachi chini, leva na resi pamoja, klachi juu.

Kuna watu watakwambia lazima klachi mara mbili, yaani uende nyutro, uachie klachi, upige resi, ukanyage tena ndo uingize gia. Hiyo ilikuwa lazima zamani kabla ya sinkronaiza, Cadillac walizileta kwenye magari yao mwaka 1928 na sasa hivi karibu kila gia ya mbele inazo. Kwa gari ambayo giaboksi yake haina ubovu huhitaji. Inafaa kwa gari ya kizamani au kama sinkronaiza zimechoka, au ukitaka kuingia gia ya kwanza bado unatembea, gia ambayo mimi nashauri uiache mpaka gari ikaribie kusimama kabisa.

Kisigino na kidole

Tatizo linakuja unapofunga breki kuelekea kona, mguu wa kulia uko kwenye breki, wa kushoto kwenye klachi, nani apige resi? Ndo maana mguu wa kulia unagawanywa. Unyayo wa mbele upande wa kidole gumba unabaki kwenye breki na presha ile ile, alafu unaviringisha kifundo cha mguu ili upande wa nje wa mguu uguse mafuta. Jina linasema kisigino lakini kwenye gari nyingi za leo pedali ziko karibu, unatumia ubavu wa unyayo na kisigino hakihusiki sana.

Jizoeze gari imesimama imezimwa kwanza, alafu imesimama inawaka nyutro, ukiangalia mshale unaruka huku pedali ya breki haisogei. Mtihani mzima uko kwenye breki kutotikisika, mtu akipiga resi na breki nayo inazama gari inainama ghafla, na hapo hujafanya ulaini wowote. Jua pia kwamba kwenye baadhi ya gari pedali ya breki ukiigusa kidogo tu inakaa juu sana kuliko ya mafuta, unaweza usifike kabisa mpaka ufunge breki kwa nguvu, kwa hiyo ukishindwa ukiwa mwendo mdogo usijilaumu. Barabarani fanya hivi pale tu ambapo kusimama salama hakutegemei ufundi huu. Kama gari ya mbele imefunga breki ghafla sahau resi, kanyaga breki na klachi, basi.

Kona na mvua

Gia ichaguliwe kabla ya kona. Gari nyingi za spoti zinaendeshwa na matairi ya nyuma, sasa ukiwa katikati ya kona barabara imelowa ukashusha gia bila kupiga resi, ule mvuto wote unaenda matairi ya nyuma peke yake, yanaweza kupoteza mshiko sekunde hiyo hiyo na nyuma ikatangulia mbele. Ni sawa na kuvuta hendibreki katikati ya kona. Hii ndo sababu nasisitiza resi kuliko kitu kingine chochote, inakulinda pale ambapo tairi haina akiba. Kwenye mvua tumia gia moja ya juu kuliko kawaida na mafuta yaingie polepole, hasa gari za tabo (turbo) ambazo nguvu inachelewa alafu inakuja yote kwa pamoja.

Foleni

Acha nafasi mbele. Ingiza ya kwanza, achia klachi yote, gari itambae yenyewe bila mafuta, ikikaribia kuzima kanyaga klachi. Usiishi kwenye hafu klachi ukifuata kila hatua ya gari ya mbele. Ukisimama zaidi ya sekunde chache weka nyutro na toa mguu kabisa, kukaa umekanyaga kunachosha beringi ya klachi na mguu wako.

Vitu vinavyoua gari

Kosa baya kuliko yote ni kuingiza gia ya chini kimakosa ukiwa kwenye mizunguko ya juu. Uko ya tatu, 6,500, unataka ya nne, mkono unavuta kushoto kidogo unaingia ya pili. Kwa uwiano ule wa MX-5 injini inalazimishwa kwenda zaidi ya 9,500, na kile kidhibiti cha mizunguko hakikusaidii, chenyewe kinakata mafuta tu, na hapa anayezungusha injini ni matairi. Valvu zinagonga pistoni, au konrodi (mkono unaoshikilia pistoni) inakatika. Ndo maana nimesema mkono ulegee na springi ifanye kazi. Ikitokea kanyaga klachi papo hapo.

Injini ikiwa baridi usipite 3,000 au 3,500 hivi. Geji ya joto inapima maji, oili inachelewa kupata moto kuliko maji, kwa hiyo geji ikifika katikati endelea kuwa mpole dakika kadhaa. Vilevile usikanyage mafuta yote kwenye gia ya sita ukiwa 1,300 rpm, injini inanung'unika kwa mzigo mkubwa na mizunguko midogo, shusha gia kwanza. Usipumzishe mkono kwenye leva, uzito wake unabonyeza foku (uma zinazosogeza gia) za ndani ya giaboksi. Na rivasi ingiza gari ikiwa imesimama kabisa, nyingi hazina sinkronaiza upande huo, ikigoma achia klachi ukiwa nyutro, kanyaga tena, jaribu.

Kama gari yako inapiga resi yenyewe

Nissan 370Z ya modeli ya 2009 ndo iliyoanza kuleta hii kwenye manyuali, kompyuta inaona leva inaelekea gia gani na inapandisha mizunguko yenyewe, na baada ya hapo gari nyingi zimefuata. Ni kitu kizuri, sina ugomvi nacho. Lakini wakati unajifunza kizime, kwenye 370Z ni kitufe kilicho karibu na leva, kwenye nyingine kiko ndani ya menyu za aina ya uendeshaji. Endesha hivyo mpaka ukiwa unashusha ya nne kwenda ya tatu na abiria anaongea, hakatishi sentensi yake. Baada ya hapo ukikiwasha tena utakisikia kinachofanya, na utajua pia siku ambayo kimepiga resi kidogo kuliko inavyotakiwa.